Siku Wazee wa Baraza Walipotolewa Nje

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kama walimu wengi wa kizazi chake alikabidhiwa na jamii mambo mengi ambayo hakuyasomea. Alisuluhisha ndoa, aliwaandikia barua wasiojua kuandika, alihesabu kura za chama. Mwaka 1993 aliitwa kuwa mzee wa baraza katika kikao cha Mahakama Kuu kilichokuja wilayani kwetu kusikiliza kesi za mauaji. Jaji alikuja kwa gari la serikali kutoka makao makuu ya kanda. Wazee wa baraza walikwenda kwa miguu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 15, nimerudi likizo, na kazi yangu wiki ile ilikuwa kumpelekea baba chakula cha mchana.

Siku ya pili ya kesi moja nilifika na kumkuta nje. Alikuwa ameketi chini ya mwembe pamoja na wazee wenzake wawili, mmoja wao mama aliyekuwa mkunga mstaafu, wote kimya kama watu wanaosubiri zamu hospitalini. Mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa. Tulisikia sauti za mawakili zikipanda na kushuka, lakini maneno hayakushikika. Baba alimwita karani aliyekuwa akipita na mafaili, akamwuliza ndani wanazungumza nini.

"Mambo ya kisheria, mzee," karani alijibu bila kusimama. "Mtaitwa."

Waliitwa mchana, wali niliouleta ukiwa umekwisha kupoa. Waliporejea vitini mwao, karatasi ambazo asubuhi zilikuwa zinabishaniwa zilikuwa zimekwisha kuwa kielelezo cha Jamhuri, na askari aliyeziandika alisimama akazisoma kwa sauti. Zilikuwa maelezo ya onyo ya mshtakiwa, kijana wa miaka ishirini na ushei. Yalisema kwamba alimvizia jirani yake njiani kwa sababu ya mgogoro wa mpaka wa shamba, akampiga panga mara tatu, akaliosha panga mtoni, akarudi nyumbani kula. Siku iliyofuata kijana huyo alijitetea kwa maneno machache: hakuua, na maelezo yale aliyatia dole gumba baada ya kupigwa.

Jioni ile mama alimwuliza baba kesi imefikia wapi. Baba akamsimulia habari za maelezo, panga na mto.

"Na yeye mwenyewe anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema alipigwa. Wote husema walipigwa." Kisha akaongeza maneno ambayo sijayasahau: "Mtu hawezi kujitungia jambo lenye mpangilio namna ile."

Wazee wote watatu walimshauri jaji kwamba mshtakiwa ana hatia. Maoni ya wazee hayamfungi jaji, lakini safari hiyo jaji naye aliona vivyo hivyo. Kwa kosa la kuua kwa makusudi sheria yetu haina adhabu nyingine: kunyongwa hadi kufa.

Nimeikumbuka jioni ile mara nyingi, na hasa mwishoni mwa mwaka 2021, nilipojikuta nikiwasikiliza wanafunzi wangu wakibishana juu ya neno la askari na neno la mtuhumiwa kana kwamba wanabishana Simba na Yanga.

Wasomaji wa ukurasa huu wanaikumbuka kesi yenyewe. Freeman Mbowe, Mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, alikamatwa jijini Mwanza mwezi Julai 2021, siku ambayo chama chake kilipanga kufanya kongamano la Katiba mpya. Akafikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa mashtaka ya ugaidi, akaunganishwa na watu watatu waliowahi kuwa makomando wa Jeshi: Halfan Bwire Hassan, Adam Kasekwa na Mohamed Ling'wenya. Kesi ikasikilizwa na Mahakama Kuu, Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Shahidi wa kwanza wa Jamhuri, ofisa wa polisi Ramadhani Kingai, alipokuwa akitoa ushahidi wake mwezi Septemba, upande wa mashtaka uliomba maelezo ya onyo ya Kasekwa yapokelewe. Upande wa utetezi ukapinga, na hapo ikazaliwa ile ambayo nchi nzima ilijifunza jina lake: kesi ndogo ndani ya kesi kubwa.

Kwa asiyeijua, kesi ndogo ni hivi. Mshtakiwa anapodai kwamba maelezo yanayotaka kutumika dhidi yake hayakutolewa kwa hiari, au si yake kabisa, shauri kubwa husimama. Jamhuri huita mashahidi wake juu ya swali hilo peke yake, mshtakiwa naye huita wa kwake, kisha jaji huamua kama maelezo yapokelewe au yakataliwe. Haiulizwi hapo kama mshtakiwa ametenda kosa. Panapokuwa na wazee wa baraza hutolewa nje, wasije wakayasikia maneno ambayo baadaye yatakataliwa na kushindwa kuyasahau. Sababu hiyo ina busara yake.

Simulizi mbili zikasimama mbele ya jaji. Polisi walisema kwamba Kasekwa na Ling'wenya walikamatwa Rau Madukani, Moshi, tarehe 5 Agosti 2020. Kwamba muda ulipita kwa sababu walikuwa wakimtafuta mwenzao wa tatu. Kwamba walisafirishwa hadi Dar es Salaam, na Kasekwa akaandika maelezo yake kwa hiari Kituo Kikuu cha Polisi tarehe 7 Agosti, baada ya kuonywa na kuelezwa haki zake. Kasekwa alisema aliteswa tangu Moshi, kwamba Kituo Kikuu hakufikishwa, na kwamba karatasi alizotia saini alizikuta zimekwisha kuandikwa, katika kituo cha Mbweni.

Hapa hapakuwa na tofauti ya kumbukumbu. Mtu hawezi kukosea, akiwa na akili zake, kama alilala Kituo Kikuu au Mbweni. Upande mmoja ulikuwa unasema lisilo kweli, chini ya kiapo, na kila mmoja wetu aliyekuwa akisoma mwenendo wa kesi kwenye simu yake alikwisha kujua ni upande gani. Wenye kadi za chama kimoja waliamini askari. Wenye kadi za chama kingine waliamini mshtakiwa. Tarehe 20 Oktoba 2021 Jaji Mustapha Siyani aliyatupa mapingamizi na kuyapokea maelezo. Siyani alikuwa amekwisha kuteuliwa kuwa Jaji Kiongozi, shauri likahamia kwa Jaji Joachim Tiganga, ikafanyika kesi ndogo nyingine juu ya maelezo ya Ling'wenya, na mwezi Februari 2022 ikaamuliwa kwamba washtakiwa wana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi. Washtakiwa wakaenda nyumbani, askari wakarudi kazini, na hukumu ya mwisho juu ya nani alilala wapi haikuandikwa.

Katika wiki zile nilikuwa na semina ya wanafunzi wa mwaka wa tatu. Sifundishi sheria, nafundisha siasa, na sheria nimeisoma kwa njaa ya mtu aliyeachwa nje ya mlango. Niliwapa wanafunzi zoezi ambalo sasa naliona lilikuwa baya. Niliwaambia: someni ushahidi wa pande zote mbili, kisha mje mseme mnamwamini nani na kwa nini.

Wakaja na majibu mazuri sana. Mmoja alisema askari ana sababu ndogo ya kudanganya kwa kuwa hafungwi, na mshtakiwa ana kila sababu. Mwingine akajibu kwamba askari anayekiri kutesa mtu anahatarisha kazi, pensheni na uhuru wake, hivyo sababu anayo, tena kubwa. Binti mmoja akasema ameangalia jinsi mashahidi walivyojibu maswali ya mawakili wa utetezi, akaona wanasitasita. Nikamwuliza kama yeye, akisimamishwa kizimbani mbele ya Wakili Peter Kibatala, angejibu bila kusitasita hata akiwa anasema kweli tupu. Darasa likacheka. Tuliendelea hivyo kwa saa nzima, tukipima nyuso ambazo wengi wetu hatukuziona, kwa kutumia maandishi ya watu waliokuwa wamebanana kwenye benchi la nyuma la mahakama.

Kosa la zoezi lilikuwa katika swali lenyewe. Sheria haimwulizi jaji anamwamini nani kati ya wawili hawa kama vile wamelingana. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 27, inasema wazi kwamba mzigo wa kuthibitisha kuwa mshtakiwa alikiri kwa hiari ni wa Jamhuri. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba aliteswa. Akiacha shaka ya maana, shaka hiyo ni yake. Nayo Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Tuwamoi dhidi ya Uganda mwaka 1967, ilikwisha kuonya kwamba maelezo ambayo mshtakiwa anayakana, ama kwa kusema hakuyatoa ama kwa kusema aliyatoa kwa kulazimishwa, yapokelewe kwa tahadhari kubwa, na kwa kawaida yatafutiwe ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono, isipokuwa mahakama iwe imeridhika kwamba ni ya kweli. Majaji wetu wanaitaja Tuwamoi mpaka leo. Naamini wengi wao wanaizingatia.

Lakini mzigo huo unabebwaje katika chumba ambacho waliomo wote ni wa upande mmoja? Kituo ni cha polisi. Saa ya ukutani ni ya polisi. Daftari la mahabusu, linaloonyesha nani ameingia na nani ametoka na saa ngapi, linaandikwa na polisi na kutunzwa na polisi. Hata fomu ya PF3, ambayo majeruhi anaihitaji ili atibiwe na jeraha lake lipate maandishi, hutolewa na polisi. Aliyeumizwa akiwa mikononi mwao inambidi awaombe walewale. Mtuhumiwa ana mwili wake na kumbukumbu yake, na mwili hupona.

Waliotutungia sheria zamani walilijua jambo hili. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika, ilikataza kabisa kukiri mbele ya askari polisi kutumika dhidi ya mshtakiwa. Hata mkoloni, aliyewaajiri askari wale na kuwavika sare, hakuwa tayari kumnyonga mtu kwa karatasi waliyoiandika peke yao. Katazo hilo lilivuka likaingia katika Sheria yetu wenyewe ya mwaka 1967. Mwaka 1980 Bunge letu likaligeuza: kukiri mbele ya polisi kukaruhusiwa, mradi kuwe kwa hiari. Na kifungu cha 29 kinakwenda mbali zaidi, kinasema kukiri kusikataliwe kwa sababu tu palikuwa na ahadi au kitisho, ila pale mahakama itakapoona kwamba kitisho chenyewe kilikuwa cha namna ya kuweza kuzaa ungamo la uongo. Msomaji mwenye subira asome vifungu hivyo viwili pamoja, cha 27 na cha 29, kisha aniambie kama havikodoleani macho.

Kinachonishangaza ni tarehe. Mwaka 1977, miaka mitatu tu kabla ya mageuzi hayo, Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza, wakati wa operesheni ya kuwasaka wauaji wa vikongwe. Tunamsifu Mzee Mwinyi kwa uungwana ule, na tunamsifu kwa haki. Watoto wetu wanasimuliwa habari za waziri aliyewajibika. Hawasimuliwi kwamba wino wa barua ile ulipokauka, nchi hiyohiyo ilibadilisha sheria ili ungamo lililopatikana kituoni liweze kutumika mahakamani.

Jirani zetu wa Kenya walitembea njia tofauti. Mwaka 2003 walibadilisha Sheria yao ya Ushahidi, na leo ungamo halipokelewi mpaka liwe limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta, ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, naye mtuhumiwa akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mateso hayakwisha Kenya kwa sababu hiyo, kila anayesoma magazeti yao anajua. Lakini mtu wa tatu chumbani anaweza kuulizwa maswali.

Katika semina ile alikuwamo mwanafunzi mmoja wa umri mkubwa kidogo, ofisa wa polisi aliyekuwa likizo ya masomo. Wenzake walimwita afande, nami nikafuata. Kwa wiki mbili hakusema neno. Siku ya tatu alinyanyua mkono.

"Dokta," alisema, "mnapohesabu zile saa nne, mnaanzia wapi?"

Alikuwa anazungumzia kifungu cha 50 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachompa polisi saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu anapowekwa chini ya ulinzi, ukitoa muda wa kumsafirisha na mambo mengine machache. Afande alituambia habari za kituo cha kata ambako alianzia kazi. Gari hapakuwa. Mtu akiuawa kijijini, ndugu wa marehemu ndio waliokodi gari na kununua mafuta, na wakati mwingine ndio walionunua karatasi. Askari wawili walilala njiani na mtuhumiwa aliyefungwa pingu kwenye kiti cha basi. Wakifika, anayejua kuandika maelezo yuko kwenye tukio jingine. Wananchi wamezunguka kituo na mawe, wanataka wapewe mtu wao.

"Marehemu naye alikuwa na mama, Dokta. Huyo mama haji hapa kwenye semina." Kisha akakaa.

Sikuwa na jibu la haraka, na sikulitafuta. Ni kweli kwamba sisi wa vyuoni tunalipenda shauri la mtuhumiwa kwa sababu limeandikwa. Kilio cha mama wa marehemu hakina kifungu. Ni kweli pia kwamba tunataka polisi wa kwenye vitabu na tunawapa bajeti ya mgambo. Nilimwambia hivyo mbele ya wenzake. Nikasema vilevile kwamba mama wa marehemu hapati haki yoyote kwa kunyongewa mtu asiye mwuaji, na kwamba mwuaji halisi wa mwanawe siku hiyo analala usingizi mzuri kuliko wote.

Wiki moja baadaye alikuja ofisini kwangu. Yanayofuata nayaandika kwa ruhusa yake. Alifunga mlango, akasema kwamba yeye hajawahi kumpiga mtuhumiwa, na mimi namwamini, ingawa nimekwisha kueleza jinsi kuamini kwangu kusivyo na uzito. Akasema lipo jambo jingine. Alipokuwa konstebo mpya aliwekwa kaunta, na daftari la mahabusu likawa kazi yake. Baadhi ya siku aliambiwa saa ya kuandika. Mtu ameletwa usiku wa manane, anaandikwa ameingia saa mbili asubuhi, kwa sababu maelezo yake yataandikwa saa nne na hesabu ni lazima ikubali.

"Sikuona kama ni uongo," alisema. "Niliona ni kazi ya ofisi. Kama vile kurekebisha mahudhurio."

Nilimwuliza kama aliwahi kuitwa kutoa ushahidi juu ya daftari hilo. Akasema mara moja. Wakili alimwuliza kama mwandiko ni wake, akajibu ni wake. Akamwuliza kama aliandika siku hiyohiyo, akajibu siku hiyohiyo. Hayo yote yalikuwa kweli. Swali jingine hakuulizwa.

Tangu hapo nimeacha kuwauliza wanafunzi wanamwamini nani. Nawauliza karatasi gani ipo, nani aliishika kalamu, nani mwingine angeweza kuwa na karatasi ya pili ya kulinganisha nayo. Kitabu cha mgeni getini. Tiketi ya basi. Simu ilikuwa imeshika mnara wa wapi. Ni maswali makavu, na semina imepoteza vicheko vyake.

Nirudi kwa baba. Mwaka 1999, nikiwa nimemaliza kidato cha sita nasubiri kwenda chuo, mtu alibisha hodi nyumbani kwetu jioni. Alikuwa mwembamba, amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana. Alisema, "Shikamoo, mwalimu." Baba akaitikia, akamkaribisha, na ilichukua muda mpaka nilipoona uso wa baba unabadilika.

Mahakama ya Rufani ilikuwa imemwachia huru. Maelezo yale ya onyo yaliondolewa kwenye kumbukumbu, na yalipoondolewa hapakubaki kitu: hakuna aliyemwona, panga lenyewe halikupatikana. Alikuja kutusalimu, alisema, kwa kuwa alikuwa akipita. Nyumba yetu haikuwa njiani kwenda popote.

Mama alileta chai. Walizungumza habari za mvua na bei ya korosho. Mpaka wa shamba haukutajwa, ingawa shamba lenyewe, nilikuja kujua, ndugu wa marehemu walikuwa wanalilima wote sasa, pande zote mbili za mpaka. Alipoinuka kuondoka akauliza, kwa sauti ya mwanafunzi anayemwuliza mwalimu wake jambo ambalo hakulielewa darasani:

"Mwalimu, siku ile mlipotolewa nje, mliambiwa mnatolewa kwa nini?"

"Tuliambiwa ni mambo ya kisheria," baba alisema.

Basi akatusimulia, amesimama mlangoni, kilichokuwa ndani. Alipopelekwa rumande kutoka polisi, mganga wa zahanati ya gereza alimkagua kama wanavyokaguliwa mahabusu wote wanaoingia, akaandika kwenye daftari lake alichokiona: michubuko ya nyayo za miguu, kidole cha mkono kilichovunjika, na tarehe. Mganga huyo aliitwa katika kesi ndogo na daftari lake. Jaji alimsikia, akasema haijathibitika kwamba majeraha yalipatikana kabla ya maelezo kuandikwa, akayapokea maelezo. Wazee waliporudi ndani, wakili wa kupewa na serikali hakumwita tena mganga. Alikuwa na kesi nyingine tatu katika kikao hicho. Kwa hiyo wazee walisikia panga na mto, wakamsikia kijana anasema alipigwa, na daftari hawakulisikia. Majaji wa Rufani walilikuta kwenye kumbukumbu, kurasa zilezile ambazo jaji wa kwanza aliziandika kwa mkono wake.

Mgeni alipoondoka baba alikaa barazani mpaka taa ya chemli ilipoanza kutoa moshi. Hakuitwa tena kuwa mzee wa baraza; au aliitwa akakataa, sikuwahi kumwuliza. Kuhusu mpangilio wa maelezo yale aliwahi kuniambia neno moja tu, miaka mingi baadaye, tukiwa safarini ndani ya basi: kwamba alipaswa kuutambua, kwa sababu ulikuwa mpangilio wa insha. Utangulizi, kiini, hitimisho. Kijana yule alikuwa ameishia darasa la nne, na aliyemfundisha darasa la nne alikuwa baba.

Baba alifariki mwaka 2014. Katika vitu alivyoniachia limo daftari dogo la mistari alilokwenda nalo mahakamani, maana hakuweza kusikiliza jambo bila kuandika. Mwandiko ni wa ubaoni, umenyooka. Ukurasa wa siku ile una mstari huu: "Saa 4.10 asubuhi. Tumetolewa nje." Kisha ameacha nusu ukurasa mtupu, nadhani akitegemea kuelezwa baadaye na kujaza. Chini yake: "Saa 8.05 mchana. Tumerudishwa. Maelezo yamesomwa." Na katika ile nafasi tupu, kwa kalamu ya rangi nyingine na mkono unaotetemeka kidogo, ameongeza: "Kulikuwa na daftari la gereza."

Nilimweleza afande habari hizi. Amemaliza shahada yake na amerudi kazini, safari hii akiwa yeye mwenyewe msimamizi wa kaunta. Ameomba nimwonyeshe ukurasa huo. Jumatatu akija chuoni kuchukua cheti chake nitamwonyesha.